Moto Utangulie, Chuma Kimalizie

Chombo chochote kinachozidi ukubwa wa gogo moja hakina budi kuungwa, na kuunga, kwa sehemu kubwa ya historia ya binadamu, kumeanza na kutoboa. Mbao hutobolewa ili zishonwe, bamba hutobolewa ili lipigwe ribiti, na ubawa wa ndege hutobolewa ili ufungwe kwenye kiwiliwili. Historia ya usafiri katika pwani ya Kenya ya Ziwa Victoria imezoeleka kusimuliwa kwa majina ya meli, reli na magavana. Nitaisimulia hapa kwa kitu kidogo kuliko hivyo vyote, nacho ni tundu. Leo wahandisi wa ndege wanatafuta namna ya kutoboa kitu kigumu kiitwacho nyuzi za kaboni kwa kuunganisha mwale wa leza na biti ya kekee, na fikra iliyo nyuma ya kazi hiyo ina nyayo za zamani sana hapa ghubani Winam.

Tuanze kabla ya stima. Hadi mwishoni mwa karne ya 19, vyombo vikubwa vya ziwa hili vilishonwa. Vilivyovuma zaidi ni vile vya visiwa vya Ssese, upande wa Uganda, vyenye mkuku mrefu uliochomoza mbele na mbao za ubavuni zilizofungwa kwa nyuzi za mimea. Henry Morton Stanley alipolizunguka ziwa mwaka 1875, akiwa ndani ya mashua yake Lady Alice iliyokuwa imejengwa Uingereza kwa vipande vya kubebeka, aliwakuta watu wakisafiri kwa makundi makubwa ya mitumbwi hiyo. Msafiri alikuja na chombo cha vipande vya kufungwa na kufunguliwa, wenyeji wakampokea na vyombo vya mbao za kushonwa. Pande zote mbili zilikuwa zimetatua swali lilelile la kuunganisha mbao, kila upande kwa njia yake.

Kwa nini walishona? Wako waliosema ni kwa sababu chuma kilikuwa adimu, na misumari ingekuwa anasa. Wengine, akiwamo mtafiti wa vyombo vya majini James Hornell katika miaka ya 1930, walitazama Bahari ya Hindi na kuona mfanano na vyombo vya kushonwa vya huko, kama mtepe wa pwani ya Lamu, wakaona huenda ufundi ulisafiri. Maelezo ya kwanza yana udhaifu: chuma kilikuwapo. Vilima vya Samia, karibu na ziwa katika Kaunti ya Busia ya leo, vilikuwa na mawe ya chuma, na majembe ya Wasamia yaliuzwa mbali, hata kwa Wajaluo wa ukanda wa ziwa. Maelezo ya pili yanavutia, lakini kufanana si ushahidi wa safari. Mimi naelemea maelezo ya tatu, ambayo ni ya kifundi: mshono hunyumbuka. Chombo cha kushonwa kikigonga mwamba au kikiburutwa mchangani, mbao hucheza kidogo na kurudi mahali pake, na uzi uliokatika hushonwa upya bila kuharibu ubao.

Lakini mshono una sharti lake, na sharti hilo ndilo mlango wa historia hii. Tundu lazima likae karibu na ukingo wa ubao ili uzi ukaze, na likikaribia mno, ubao hupasuka. Mti si kitu cha namna moja pande zote. Umeumbwa kwa nyuzi zinazoelekea upande mmoja, zikashikwa pamoja na kitu laini zaidi kati yake. Kuuvunja kukingama nyuzi ni kazi ngumu, kuupasua kufuata nyuzi ni rahisi. Ukiugongomelea chuma chenye ncha, ncha hiyo hutanua nyuzi kabla ya kuzikata, na ufa hukimbia kufuata mwelekeo wa nyuzi.

Mafundi wa Afrika Mashariki walikuwa na jibu lao, na bado utaliona kwa watengenezaji wa mipini. Chuma chembamba hutiwa motoni hadi kiwe chekundu, kisha hushindiliwa kwenye mti. Moto hauzitanui nyuzi bali huziteketeza pale pale zilipo, kwa hiyo ubao haupasuki. Hasara yake ni kwamba ukuta wa tundu hubaki na mkaa unaomung'unyika. Ukitia mkia wa jembe humo bila kukwangua mkaa, baada ya siku chache za kulima jembe litacheza. Kwa hiyo fundi hufungua njia kwa moto, halafu huondoa mkaa kwa kisu au patasi mpaka afikie mti mzima. Ni kazi ya hatua mbili, na mpangilio wake haubadiliki.

Hatua inayofuata ilikuja kwa bamba la chuma. Stima ya kwanza ya kikoloni katika upande huu wa ziwa, SS William Mackinnon, iliundwa Paisley, Uskoti, na kampuni ya Bow, McLachlan. Ilifungwa kwa bolti za muda, kila kipande kikatiwa namba, kisha ikafumuliwa na kusafirishwa kwa meli hadi Mombasa. Kutoka huko ilikuja bara kwa vipande, na mizigo mingine ilikamilisha safari vichwani mwa wapagazi, kwa kuwa reli ilikuwa bado haijafika ziwani. Iliundwa upya ufukweni Kisumu na kushushwa majini mwaka 1900. Reli yenyewe ilifika Kisumu tarehe 20 Desemba 1901, mahali palipopewa jina la Port Florence kwa heshima ya Florence Preston, mke wa msimamizi wa utandikaji reli, Ronald Preston. Stima nyingine zilizotoka Paisley zilifuata kwa reli na kuundwa papo hapo: Winifred, Sybil, Clement Hill, na baadaye Usoga na Rusinga kabla tu ya Vita vya Kwanza vya Dunia.

Meli inayotengenezwa bara moja na kuundwa bara jingine inategemea tundu kuliko kitu kingine chochote. Bamba lililotobolewa Uskoti lilipaswa kukutana na bamba lenzake Kisumu, tundu kwa tundu, bila kuachana hata kidogo, maana bamba lililokosewa lisingeweza kurudishwa kiwandani.

Tundu hizo zilitobolewaje? Katika viwanda vya zama hizo, njia ya haraka ilikuwa kupiga: mashine yenye ncha nene ilisukumwa kwa nguvu kupitia bamba, na kipande cha duara kikadondoka upande wa pili. Kwa chuma cha zamani cha kufuliwa, jambo hilo halikuleta shida kubwa. Lakini miaka ya 1870 na 1880, waunda meli wa Uingereza walipohamia chuma laini cha pua, waligundua kwamba bamba lililopigwa tundu lilikuwa dhaifu kuliko hesabu zao zilivyoonyesha. Wapo waliolaumu chuma kipya chenyewe. Majaribio yalionyesha kwamba kosa lilikuwa la namna ya kutoboa: pigo lile lilibana na kukakamaza utepe mwembamba wa chuma kuzunguka tundu, likaacha nyufa ndogo zilizongoja mawimbi yazikuze.

Tiba ilikuwa ya namna tatu. Unaweza kutoboa kwa kekee tangu mwanzo, kazi safi lakini ya polepole na ya gharama. Unaweza kulipasha bamba moto baada ya kulipiga, ili ukakamavu ulainike. Au, na hii ndiyo iliyopendwa panapotakiwa kazi nyingi, unapiga tundu dogo kuliko kipimo kinachotakiwa, kisha unalikwangua na kulipanua hadi kipimo kamili, ukiondoa ule utepe ulioharibika. Ukitazama vizuri utaona ni mantiki ileile ya mpini wa jembe. Hatua ya kwanza ni ya haraka na ina madhara yanayojulikana upana wake. Hatua ya pili ni ya taratibu, na kazi yake ni kuyaondoa madhara hayo.

Moto nao haukukosa nafasi. Ribiti ilipashwa hadi ikawa nyekundu, ikarushwa kwa fundi, ikaingizwa tunduni na kufuliwa kichwa cha pili kwa nyundo. Ilipopoa ilijikunja na kuyabana mabamba mawili kwa nguvu ambayo nyundo peke yake isingeweza kuitoa. Ufukweni Kisumu kazi hiyo ilifanywa na mafundi waliotoka India pamoja na Waafrika waliojifunza kando yao, na karakana ya reli bandarini ikawa shule ya vyuma kwa vizazi kadhaa.

Misumari ilienea pamoja na biashara ya samaki, na mashua za mbao za kupigiliwa zikachukua nafasi ya zile za kushonwa. Sitalikalia jambo hili, isipokuwa kutaja kwamba fundi wa mashua hadi leo, kabla ya kupigilia msumari karibu na ncha ya ubao, hutangulia kwa tundu dogo la kekee. Anajua ubao utapasuka asipofanya hivyo.

Tarehe 28 Februari 1931, shirika la Imperial Airways lilianzisha safari ya ndege kutoka London kuelekea Mwanza, na Kisumu ukawa kituo chake. Ndege zilizotua majini, kwanza Short Calcutta na kuanzia 1937 zile kubwa zaidi za Short Empire, zilishuka kwenye maji ya ghuba ambayo stima ziliyapasua. Mwili wa ndege hizo ulikuwa wa aloi za alumini, hasa duralumini, mabamba membamba sana yaliyoungwa kwa maelfu ya ribiti ndogo. Desturi ya bandarini iligeuzwa kichwa chini. Ribiti ya duralumini ilipashwa na kupozwa ghafla, kisha ikatumiwa ikiwa baridi na laini. Ikichelewa hujikakamaza yenyewe, ndiyo maana mafundi wa ndege waliziweka ribiti kwenye barafu ili zisubiri.

Hata hivyo, kwa upande wa kutoboa, alumini ni rafiki. Ni kitu kimoja pande zote. Biti inapopita inakata kwa namna ileile kokote inakogeukia, mabaki yake ni vipande vinavyotoka vimejikunja, na ukingo unaokwaruza hupigwa tupa ukawa safi. Kwa karibu miaka 50 wahandisi wa ndege walifanya kazi na metali hiyo mpaka wakasahau kwamba kuna vitu vyenye uelekeo wa nyuzi. Fundi wa mashua angeweza kuwakumbusha.

Kitu kilichowakumbusha kilikuja polepole. Nyuzi za kaboni zilijulikana tangu Thomas Edison alipounguza uzi kupata waya wa taa yake mwaka 1879, lakini hazikuwa na nguvu. Mwaka 1958 Roger Bacon, nchini Marekani, alitengeneza nyuzi za kaboni zenye nguvu ya kushangaza kwa kiasi kidogo cha maabara. Huko Japani Akio Shindo alipata njia ya kuzitengeneza kutokana na nyuzi za plastiki zinazotumika kufuma nguo, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 watafiti wa kituo cha serikali cha Farnborough, Uingereza, wakaifikisha njia hiyo kwenye uimara unaofaa ndege. Uzi mmoja una unene wa maikromita 5 hadi 7, kwa hiyo huchukua kati ya nyuzi 140 na 200 zikipangwa bega kwa bega kufikia milimita moja. Nyuzi hizo hulazwa kwa tabaka, kila tabaka na uelekeo wake, zikaloweshwa gundi ya epoksi na kuokwa mpaka zikawa bamba moja.

Kampuni ya Rolls-Royce ilikuwa na haraka. Ilijaribu mapanga ya feni ya nyuzi za kaboni kwenye injini za VC10, ndege ya aina ileile iliyokuwa fahari ya East African Airways, kisha ikayapangia injini yake mpya, RB211. Mwaka 1970 mapanga hayo yalivunjika vipande yaliporushiwa kuku katika jaribio la kugongana na ndege wa angani, na Februari 1971 kampuni ikafilisika. Mara nyingi husimuliwa kwamba kaboni ndiyo iliyoiangusha Rolls-Royce. Hilo ni kurahisisha mno: mkataba wa RB211 ulikuwa umepangwa kwa bei ya chini, na gharama zilikuwa zimefumuka katika sehemu nyingi za injini. Kaboni ilirudi hewani kwa hatua ndogo, mikiani na kwenye vifuniko kwanza, hadi Boeing 787 ilipoanza kazi mwaka 2011 ikiwa na karibu nusu ya uzito wake kwa vifaa vya nyuzi na gundi. Kenya Airways ilipokea yake ya kwanza Aprili 2014.

Ndege hizo hazitui Kisumu. Lakini Dash 8-400 za Jambojet zinatua, na kila rafadha yake ina mapanga 6 yaliyoundwa kwa nyuzi na gundi. Na Chemelil, ndani ya Kaunti ya Kisumu, kuna kituo cha kampuni ya Zipline ambacho ndege zake zisizo na rubani, zenye mifupa ya kaboni ndani ya gamba la povu, hupeleka dawa na damu kwenye vituo vya afya na kuziangusha kwa mwavuli.

Msomaji anaweza kuuliza: kama bamba lenyewe ni gundi na nyuzi, kwa nini lisiungwe kwa gundi tu, tundu zikaachwa? Kwa kweli tundu zimepunguzwa. Boeing ilieleza kwamba kukioka kipande kizima cha mwili wa 787 kuliondoa mabamba 1,500 na vifungio kati ya 40,000 na 50,000 katika kipande kimoja. Meli nazo zimefika huko kwa njia nyingine: MV Uhuru II, iliyojengwa Kisumu na Kenya Shipyards kwa ushirikiano na Damen ya Uholanzi, imelehemiwa, haikupigwa ribiti kama mababu zake wa Paisley. Lakini kwa ndege, gundi ina siri yake. Kiungo cha gundi kinaweza kuonekana kizima kwa kipimo chochote kisichokiharibu, na bado kikawa hakijashika. Wasimamizi wa usalama hawakubali kukisia, kwa hiyo sehemu muhimu hufungwa pia kwa bolti, na bolti haiingii bila tundu.

Sasa tazama kinachotokea biti inapogusa bamba la kaboni. Kwenye uso wa juu, makali ya biti hulivuta tabaka la kwanza kulipandisha juu kabla ya kulikata. Ndani, nyuzi hukatwa vizuri zinapolala kwa pembe fulani na kuchanwa zinapolala kwa pembe nyingine, kwa hiyo ukuta wa tundu moja huwa laini hapa na mbovu pale. Hatari kubwa iko chini. Piga msumari kupitia rundo la kurasa za kitabu na utaona: kurasa za juu hutoboka, za mwisho huchanika, kwa sababu hakuna kitu nyuma yake cha kuzishikilia. Tabaka za mwisho za kaboni husukumwa na kubanduka kutoka kwenye zenzake, na ubandukaji huo mara nyingi hauonekani kwa macho. Juu ya hayo, kaboni hula makali ya biti kama jiwe la kunolea lisilopumzika, na biti ikishaanza kuwa butu, kila kosa lililotajwa huongezeka.

Wahandisi walibishana juu ya mhalifu. Wapo waliolaumu mwendo wa kushusha biti, wengine umbo la biti, wengine ubutu wake. Mwaka 1990 Hocheng na Dharan walichapisha hesabu iliyozikusanya lawama hizo mahali pamoja: kwa kila unene wa tabaka uliobakia chini ya biti kuna kiwango cha msukumo ambacho kikizidishwa, tabaka huachana. Kadiri biti inavyokaribia kutokeza, unene uliobaki hupungua na kiwango hicho hushuka. Mwendo, umbo na ubutu vyote huleta madhara kwa kuongeza msukumo.

Na msukumo unatoka wapi? Hapa kuna jambo ambalo mtu anaweza kutumia kekee miaka mingi bila kuligundua. Katikati kabisa ya ncha ya biti, kasi ya ukataji ni sufuri, maana kituo cha mzunguko hakiendi popote. Sehemu hiyo ndogo, ambayo ni ukingo butu unaounganisha makali mawili, haikati chochote bali hushindilia tu. Nayo ndiyo hutoa sehemu kubwa ya msukumo wote. Ukitangulia na tundu dogo lenye upana wa ukingo huo, biti kubwa ikija haitakuwa na cha kushindilia katikati, na msukumo utashuka sana. Ndicho anachokifanya fundi wa mashua, ingawa hajawahi kuiona hesabu hiyo. Tatizo ni kwamba biti ndogo nayo ina kituo chake butu, nayo pia huisha makali.

Leza iliingia kwenye nafasi hiyo. Theodore Maiman aliwasha leza ya kwanza Mei 1960, na mwaka 1964 Kumar Patel akaunda leza ya gesi ya kaboni dioksidi, yenye nguvu ya kutosha kwa kazi za viwandani. Kufikia 1965 kampuni ya Western Electric ya Marekani ilikuwa ikitoboa almasi kwa leza, almasi zinazotumika kuvutia waya, na baadaye leza zikatoboa matundu ya kupoza katika mapanga ya injini za ndege. Mwale hausukumi wala hauishi makali. Kwa mtu aliyechoshwa na biti butu na tabaka zilizobanduka, ulionekana kuwa jibu kamili.

Haukuwa kamili, na sababu ni ileile ya mkaa kwenye mpini. Bamba la kaboni ni ndoa ya vitu viwili visivyolingana mbele ya moto. Epoksi huanza kuoza kwenye joto la nyuzi mia tatu za Selsiasi na zaidi, ilhali kaboni, pasipo na oksijeni, yahitaji kupita nyuzijoto 3,000 ili igeuke mvuke. Mwale wenye nguvu ya kukata uzi umeshaiteketeza gundi iliyo jirani zamani. Tena uzi wa kaboni hupitisha joto vizuri kwa urefu wake, huku gundi ikilizuia, kwa hiyo joto hukimbia kufuata nyuzi mbali na tundu na kuacha nyuzi tupu zisizoshikwa na chochote. Tundu lenyewe huwa pana juu na jembamba chini, na moshi wake una sumu.

Wataalamu walijibu kwa njia mbili. Wengine waliona lawama ni ya mwale wenyewe, wakafupisha mipigo yake hadi sehemu ndogo mno za sekunde, wakabadilisha rangi ya mwanga kuelekea urujuanimno, wakaupitisha mara nyingi kwa vituo ili bamba lipoe, na wakapuliza naitrojeni kuzuia kuungua. Matokeo yao ni mazuri, ila kazi huwa ya polepole mno kwa bamba nene. Wengine waliuliza swali jingine: je, ni lazima leza imalize kazi? Kama uharibifu wake unajulikana upana, kwa nini usiachwe utokee ndani ya eneo ambalo litaondolewa baadaye?

Huo ndio muungano wa leza na kekee. Chukua tundu linalotakiwa kuwa na kipenyo cha milimita 6. Leza hukata duara la milimita 4 au 5, mara nyingi kwa kuzunguka ukingo tu ili kipande cha katikati kidondoke badala ya kugeuzwa mvuke wote, na hivyo kuokoa nishati. Kisha biti ya milimita 6 hupita. Haina cha kushindilia katikati, inaondoa utepe wa nusu milimita hadi milimita moja kila upande, na utepe huo ndio uliobeba kuungua kote. Ukuta unaobaki umekatwa na chuma, umenyooka, gundi yake ni nzima. Biti nayo hudumu zaidi kwa kuwa imekata kidogo.

Mpangilio hauwezi kugeuzwa. Ukitanguliza kekee na kumalizia kwa leza, kubanduka kwa tabaka kutakuwa kumeshatokea, na kuungua kutabaki kwenye ukuta wa mwisho, pale bolti itakapoegemea. Kipimo cha tundu la kwanza pia hakikisiwi: likiwa dogo mno, ncha butu bado itashindilia, likiwa kubwa mno, biti haitaufikia mwisho wa eneo lililounguzwa. Na vituo vya tundu zote mbili lazima vilingane, la sivyo biti itakata upande mmoja sana na mwingine kidogo, na mkaa ubaki upande mmoja.

Je, njia hii imeshinda? Bado. Viwanda vina washindani wake: biti zenye ncha za almasi, kekee zinazozunguka tunduni kama mchongaji badala ya kushuka wima, kekee zinazotetemeshwa kwa makusudi, na tabaka jembamba la nyuzi za kioo linalowekwa usoni ili kuzuia kuchanika. Bei ya mashine mbili badala ya moja si jambo dogo, na pale kaboni inapounganishwa na titani katika rundo moja, leza hupata kazi tofauti kabisa katikati ya njia. Naona nguvu ya muungano huu itakuwa kwenye mabamba manene yenye matundu mengi yanayofanana, ambako gharama ya biti zinazotupwa ni kubwa kuliko ya leza. Kwa tundu kumi za kurekebisha chombo kimoja, hauna maana.

Na kazi nyingi za nyuzi kandokando ya ziwa ni za aina hiyo ya pili: kiraka kwenye boti ya faiba, kitasa, mahali pa kufungia injini. Fundi hubandika utepe wa karatasi usoni ili tabaka la juu lisiinuke, hubana kipande cha mbao nyuma ili la chini lisichanike, huanza na biti ndogo yenye makali mapya na kupanua kwa hatua, huku akiwa amefunika pua na mdomo kwa sababu vumbi hilo haliyeyuki mapafuni. Tundu likishakamilika hupakwa epoksi ndani, maana nyuzi zilizokatwa hunywa maji. Na kama bamba ni la kaboni, haweki ribiti ya alumini: kaboni na alumini vikigusana penye unyevu, alumini ndiyo huliwa, na katika hewa ya Winam unyevu haukosekani. Huweka chuma kisichoshika kutu, au titani kwa mwenye uwezo wa kuinunua.